Jino la mzizi mmoja: ninavyokadiria umri wa marehemu asiyejulikana

Mifupa ikiokotwa kwenye miwa ya Muhoroni au ikitupwa ufuoni na maji ya ziwa, polisi huuliza mapema: mtu huyu alikuwa na miaka mingapi? Hapa Kisumu naanza na jino moja, kalipa (kifaa cha kupimia milimita) na taa, bila kukata chochote. Njia ni ya Lamendin na wenzake wa Ufaransa, ya mwaka 1992.

Kwanza natazama taya. Mizizi ya magego ya mwisho ikiwa haijafunga ncha, fomula naiweka kando. Huyo bado kijana, na hesabu yenyewe inaanzia 25.53, hivyo haiwezi kumpa mtu miaka 19.

Kisha meno ya mbele ya chini. Wazee wengi wa Kijaluo waling'olewa meno sita hapo kimila. Taya lao lina tundu zilizoziba na ukingo laini, ilhali jino lililodondoka baada ya kifo huacha tundu wazi lenye kingo kali. Mila hiyo ilishafifia, kwa hiyo alama hii peke yake yaelekeza kwa kizazi cha zamani, na jamaa humtambua mtu wao kwayo. Nachukua jino la mbele la juu. Gego zima nalihifadhi kwa ajili ya DNA, lisiguswe.

Jino nalisafisha kwa maji na mswaki laini tu. Ukilikwangua kwa chuma au kulitia dawa ya kung'arisha nguo, unafuta mstari unaoutafuta.

Napima upande wa mdomo. Urefu wa mzizi ni kutoka shingo, enameli inapoishia, hadi ncha. Chini ya shingo pana utepe laini wa manjano, uliokolea kuliko enameli lakini mwepesi kuliko mzizi uliobaki: hapo ndipo ufizi ulirudi nyuma. Kipimo cha tatu chahitaji giza. Nazima taa za chumba na kulilaza jino juu ya sanduku la taa la kusomea eksirei; kuanzia nchani mzizi unapitisha mwanga kama kucha, halafu unafifia. Mpaka huo mara nyingi umepinda, kwa hiyo narudia kupima.

Tuseme mzizi una milimita 14, ufizi umerudi 2.1, uangavu, yaani sehemu inayopitisha mwanga, ni 5.6. Kila kimoja cha hivi viwili vya mwisho nakizidisha kwa 100 na kugawanya kwa urefu wa mzizi: napata 15 na 40. Halafu 0.18 × 15, jumlisha 0.42 × 40, jumlisha 25.53. Jibu ni 45. Kosa la wastani hukaribia miaka 10, basi ripoti yangu inasema 35 hadi 55, hata mpelelezi akinibembeleza nimpe namba moja.

Ugonjwa wa fizi huongeza kipimo cha ufizi, ila uzito wake ni mdogo: kukosea kwa 10 hapo ni miaka 1.8 tu, kwenye uangavu ni 4.2. Ndiyo maana naogopa zaidi jino lililokaa sana kwenye udongo mweusi wa Kano. Mzizi ukigeuka kama chokaa, mwanga haupiti na umri unashuka bila haki. Meno ya kahawia yenye vishimo kutoka Nakuru, kwa floridi ya maji ya huko, hayanisumbui, maana taji halimo kwenye hesabu. Mzee wa miaka 75 ndiye tabu: fomula humpunguzia miaka, kwa hiyo jibu likivuka 60 naandika “60 au zaidi” na kuipa mifupa mingine nafasi yake.