Kumbukumbu ya mradi: neno "nguvu" limetula wiki mbili

Tuko watatu: mimi hapa Kigoma, mwalimu wa fizikia aliyeko Tabora, na fundi redio wa Ujiji. Tunasanifu kwenye kompyuta satelaiti ndogo ya mchemraba, sentimita 10 kila upande. Haitaruka. Tunachotaka ni modeli moja ambayo sote tunaisoma kwa maana ile ile, na ndiyo sababu tunajenga ontolojia: vitu vilivyomo, sifa zake na jinsi vinavyohusiana, vimeandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuvikagua.

Wiki mbili zilizopita jedwali letu lilionyesha satelaiti yenye umeme wa kumwaga, wati 12. Nilifurahi sana. Asubuhi nikapiga hesabu kwa mkono: paneli za mchemraba kama huu hutoa wati mbili hivi. Hizo nyingine zimetoka wapi? Nikapiga simu Tabora.

"Shikamoo mwalimu. Kwenye betri umeandika nguvu 10. Ni wati?"

"Marahaba. Wati za nini tena? Hizo ni wati-saa, akiba ya betri."

Nami nilikuwa nimezijumlisha na wati za paneli. Siwezi kumlaumu mwalimu, maana Kiswahili cha kila siku kinaviita vyote nguvu. Fundi naye aliandika nguvu ya springi inayofungua antena, akimaanisha kani, yaani msukumo wake. Maana tatu, neno moja, safu moja ya jedwali. Chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa kosa la ukoo huu huu: programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni, nyingine ikazisoma kama niutoni. Tofauti ni mara 4.45.

Sasa kani ni niutoni, nishati ni wati-saa, na "nguvu" imebaki na wati peke yake. "Uzito" tumeuondoa, tunaandika tungamo, yaani kiasi cha maada kwa kilo. Fundi alisita, akasema Ujiji nzima hakuna anayetamka tungamo, na ni kweli. Kwa hiyo kila kitu kwenye faili kina jina rasmi, na jina la mtaani limewekwa pembeni yake ili ukilitafuta ulipate.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni "mawasiliano". Tulikwisha kuiambia Protégé, programu tunayoandikia ontolojia, kwamba hakuna kitu kinachoweza kuwa kifaa na kazi kwa wakati mmoja. Fundi aliweka Mawasiliano chini ya vifaa (kwake ni redio yenyewe), mwalimu akaiweka chini ya kazi. Nilipowasha ukaguzi wa mantiki, jina likageuka jekundu. Mashine ilikuwa imeona ugomvi ambao sisi wenyewe hatukujua kuwa tunao.

Lakini ukaguzi huo una mpaka wake, na umenigharimu siku nzima. Niliandika kwamba kila kifaa lazima kiwe na tungamo, kisha nikaiacha betri bila tungamo makusudi. Kimya. Kwa mantiki ya OWL, lugha ambayo ontolojia yetu imeandikwa, kisichosemwa hakijakanushwa: tungamo ipo, ila bado haijatajwa. Kukamata pengo la namna hiyo nimelazimika kuandika pembeni kanuni za SHACL, lugha ya kukagua kama data imekamilika, na nilipoziwasha mara ya kwanza tu zikaikamata betri.

Shirika la Anga la Ulaya linajenga ontolojia ya pamoja ya mifumo ya anga ili mashirika na kampuni zibadilishane modeli bila kutafsiriana upya. Kutoka kwao nimeazima wazo moja: betri kama muundo ni kitu kimoja, na betri inapotumika ndani ya satelaiti ni kitu kingine. Tukifunga mbili, tunaeleza muundo mara moja na matumizi mara mbili.

Jumapili tunaanza na "hali". Mwalimu anamaanisha satelaiti imelala au iko kazini. Fundi anamaanisha nzima au mbovu. Nimewaomba kila mmoja aje na mifano mitano iliyoandikwa kabla hatujagusa faili.