Ubatizo wa mtoni: tuangalie haya
Wapendwa mnaoandaa ubatizo wa maji mengi, kina cha maji kiwe kiunoni au juu kidogo. Yakiishia magotini utamlaza mtu kwenye mchanga. Yakifika kifuani miguu inaelea na kumdhibiti ni kazi. Nguo iwe ya rangi iliyokoza, maana nyeupe nyepesi ikilowa huonyesha kila kitu.

Anayebatizwa akunje mikono kifuani, abane pua kwa leso. Mkono wako mmoja ushike mikono yake, mwingine ukae mgongoni, chini kidogo ya shingo. Akunje magoti, asijirushe. Wengi hukakamaa, kisigino kinateleza, mnazama wote wawili (kwaya ikicheka, msiikemee). Kichwa kielekee maji yanakotoka, ili mkondo usaidie kumwinua na maji yasimwingie puani.

Ila kazi kubwa ni ya nchi kavu. Muulize, ajibu kwa maneno yake mwenyewe: Yesu ni nani kwako? Unaacha nini? Warumi 6:4 inasema tunazikwa pamoja na Kristo. Asiyejua anachozika arudi darasani kwanza, hata kama ndugu zake wameshafika na kamera.