Nilivyoipa umri picha ya watu nisiowajua

Nianze na jibu, maana najua wenye haraka wataruka mpaka chini kulitafuta: picha ilipigwa katikati ya miaka ya 1920 au kuelekea mwishoni mwake, na anayebisha aje na kioo cha kukuzia. Niliambiwa na kila niliyemwonyesha kwamba picha isiyo na jina, isiyo na mhuri wa studio, isiyo na mwandiko hata wa penseli, haijulikani tarehe yake. Inajulikana sana, ila si kwa njia walizonishauri wao.

Ilikuwa imegandishwa kwa gundi kwenye ukurasa mweusi wa albamu iliyokwisha kuchanika. Wanaume wamesimama nyuma, wanawake wamekalia viti, watoto wako chini miguuni, wote wamekaza nyuso kama watu wanaodaiwa. Ufa umepita katikati, gundi imeacha madoa ya manjano, na kwenye kingo kuna mng'ao wa buluu unaofanana na madini. Mng'ao huo usiusugue hata ukikukera vipi. Ni madini ya fedha ya picha yenyewe yaliyopanda juu ya jelatini, ule utando unaoibeba picha, kwa hiyo ukisugua unaifuta picha.

Mshauri wa kwanza, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengine yote, alinielekeza kwenye programu ya simu ya akili unde. Weka picha, bonyeza, kazi imekwisha. Nikabonyeza. Lahaula! Mzee wa pembeni, ambaye kwenye picha mdomo wake ni mstari mmoja mwembamba, alirudi na meno meupe kamili. Mama aliyekatizwa na ufa akapewa sharubu. Watoto watatu ambao hawafanani hata kidogo wakatoka mapacha. Halafu programu ikapaka rangi, na gauni moja ikalifanya jeusi tii. Hapo ndipo nilipocheka kabisa. Filamu na vioo vya kupigia picha vya wakati ule, kwa sehemu kubwa, havikuuona mwanga mwekundu, kwa hiyo nguo nyekundu ilitoka nyeusi na macho ya buluu yakatoka meupe karibu na maziwa. Gauni lile laweza kuwa jekundu kama pilipili, na programu haina namna ya kujua. Haikurekebisha nyuso, ilitunga nyingine. Mshauri wangu aliipenda, akasema "sasa wanaonekana hai". Sawa, lakini si wao.

Mshauri wa pili akaniambia niichemshie maji, mvuke uilegeze gundi. Mvuke huivimbisha jelatini, na jelatini iliyovimba hunata na kila kinachoigusa. Mimi nilichukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na ladha wala nta, nikaupitisha kati ya picha na ukurasa, nikawa nauvuta huku na huku kama msumeno, polepole, kuanzia kona moja. Mkono unachoka, ndiyo. Picha ikatoka nzima, na mgongoni ikabaki na mabaka ya karatasi nyeusi. Na tazama: nyuma ni postikadi!

Hapa nilipiga vigelegele peke yangu. Studio nyingi na wapiga picha wa kujitegemea walikuwa wakichapisha picha moja kwa moja kwenye karatasi za postikadi zilizotoka kiwandani tayari, na viwanda vilichapa alama zao pale pa kubandika stempu. Yangu ilikuwa AZO, karatasi ya Kodak. Kisanduku chake cha stempu kina pembetatu ndogo kwenye kona. Zote nne zikielekea juu, karatasi ni ya kati ya 1904 na 1918. Mbili za juu zikielekea juu na mbili za chini zikielekea chini, ni ya 1918 mpaka 1930. Sasa sikia balaa: baka la karatasi nyeusi lilikuwa limefunika nusu ya chini ya kisanduku. Pembetatu za juu zilionekana wazi, na hizo hazisaidii chochote kwa sababu zinaelekea juu kwenye aina zote mbili!

Maji sikutumia. Nilichukua wembe mpya, nikaulaza karibu bapa kabisa, na chini ya kioo cha kukuzia nikawa nalipunguza baka unyuzi mmoja baada ya mwingine. Unakwangua, unapuliza, unatazama. Weusi ukageuka kijivu, kijivu kikaanza kupitisha mstari, mstari ukawa upande wa pembetatu. Ncha ilikuwa chini. Ningeweza kuendelea mpaka kisanduku chote kiwe safi, lakini nikaweka wembe mezani palepale. Nilichotaka nimekipata, na kila unyuzi wa ziada ni nafasi ya kutoboa.

Ila tarehe ya karatasi si tarehe ya picha. Huenda mtu alichukua picha ya zamani akaipiga upya. Nakala ya namna hiyo hujionyesha: nywele na nyuzi za nguo huwa zimefifia hata kama karatasi ni nzima, na mara nyingine utaona kivuli cha ukingo wa picha ya awali ndani ya ile mpya. Yangu, chini ya kioo, vifungo vilikuwa na matundu. Nikaimulika pia gizani kwa taa ya urujuani, ile ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za picha kuanzia miaka ya 1950 zina dawa ya kuzing'arisha, nazo huwaka buluu nyeupe chini ya taa hiyo. Hii ilibaki imenuna. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi kitu, ila karatasi ingewaka ningekuwa na maswali.

Nguo niliziacha mwisho kwa makusudi, na hapa ndipo nilipobishana na watu sana, kwa kuwa kila mmoja alianza nazo. Wakamwangalia bibi wa katikati mwenye gauni refu na kola iliyofunga shingo, wakatangaza: 1900! Wazee huvaa mitindo ya ujana wao. Watazame wasichana. Wa kwenye picha hii wamekata nywele usawa wa masikio, na sketi zao zinaishia kidogo tu chini ya goti, mtindo uliofika huko juu katikati ya miaka ya 1920 na kurudi chini mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na mwanaume wa tatu kutoka kushoto amevaa saa ya mkononi, kitu kilichozoeleka kwa wanaume baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Nikarudi kuitafuta saa hiyo kwenye kazi ya ile programu ya simu. Haipo. Imeyeyushwa ikawa pindo la shati.

Kuskani sina mengi. Nukta 1200 kwa inchi kwa sababu vichwa ni vidogo, faili la TIFF, na kwa rangi. Watu hushangaa: picha nyeusi na nyeupe, rangi ya nini? Ya madoa. Picha ya kompyuta huundwa na chaneli tatu, yaani tabaka za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Fungua chaneli nyekundu peke yake na madoa ya manjano yanakaribia kutoweka bila kugusa brashi. Chaneli ya buluu inayaonyesha meusi zaidi, nami nikaitumia kama ramani ya pa kufanyia kazi. Picha yako ikiwa na karatasi ya vinyweleo, yaani yenye uso wa kuparuza, iskani mara mbili, ya pili umeizungusha kichwa kiwe chini, kisha zilinganishe na kuzichanganya nusu kwa nusu: vivuli vya vinyweleo vinauana. Ufa niliuziba kwa mkono, nikichota kutoka sehemu za jirani. Pale ulipopita kwenye jicho la yule mama nimeuacha, maana sina jicho lake la kuchota.

Majina sijapata bado. Nimechora mistari ya miili yote kwenye karatasi ya kunakilia, kila kichwa na namba yake, na hiyo ndiyo ninayoituma pamoja na picha. Ukimuuliza mtu "hawa ni nani?" atakujibu hawajui. Ukimuuliza "namba 7 unamjua?" atakaa chini, atavaa miwani, na ataanza kutoka namba 1.