Nilivyotambua na kupasua mbao za kaunta ya zamani hapa Iringa nikapata magitaa

Mimi natengeneza magitaa hapa Iringa, na kitu kilichonisumbua muda mrefu kuliko kukunja mbavu au kupiga vanishi ni kujua hii mbao niliyoishika ni mti gani. Maana huku mbao zipo, ukipita Mafinga unaona malori yanapakia mchana na usiku, ila mzigo wa Sao Hill karibu wote ni paina na mkaratusi, mbao za kenchi na nguzo za umeme. Ukitaka mbao ngumu ya mgongo wa gitaa unasubiri kinachotoka Chunya, Songea, Tunduru na kule, na ikishafika kwa muuzaji kila chenye wekundu wekundu kinaitwa mninga. Sio kwamba wanadanganya, wateja wao wanatengeneza milango na vitanda, mbao ya inchi 2 ikiwa ngumu na haina mdudu biashara imeisha.

Kwenye gitaa hiyo haitoshi kabisa. Mgongo unaushusha mpaka milimita 2 na nusu, ubavu milimita 2, kwa wembamba huo mbao inayocheza na hali ya hewa itapasuka tu hata ukiibembeleza. Mninga wa kweli unapendwa kwa sababu ukikauka unasinyaa kidogo sana na ukitulia umetulia, afu ni mwepesi, kama kilo 600 kwa meta ya ujazo. Mkongo, ambao wengine wanaita mkola au mbambakofi, unafika kama 800. Kwahiyo mgongo wa saizi ileile kwa mkongo utakuwa mzito karibu theluthi zaidi, na ubishi wake kwenye kukunja ni tofauti, mpango wa gitaa zima unabadilika kuanzia unene wa mgongo mpaka vibanzi vya ndani. Ndio maana kwangu kutambua kunatangulia msumeno, kila siku.

Sasa kuna duka moja la zamani lilikuwa linavunjwa mjini hapa, maeneo ya Mlandege, wakatoa kaunta ya mbao ndefu, nene inchi 2, upana zaidi ya futi, imekaa ndani miaka na miaka. Kwa mtengeneza gitaa hiyo ni hazina kwa sababu imeshakauka yenyewe taratibu, hakuna tanuri litakalokupa hicho kitu. Nikamsalimia mzee mwenyewe, kamwene baba, nikamuuliza hii mbao gani, akanijibu "mninga huo kijana wangu, baba yangu ndo aliununua." Tukapatana bei, nikamwomba aniandikie karatasi ya mauziano kwa sababu kusafirisha mbao ngumu bila karatasi huku barabarani ni kujitafutia maswali, nikabeba.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilikata kipande kidogo mwishoni, nikasafisha sura ya ncha, yaani pale panapoonekana vitundu vya mti, kwa wembe mpya wa kunyolea. Hapa watu wengi wanapiga msasa na msasa unaziba kila kitu kwa vumbi, hautaona chochote. Wembe ukiwa mkali unalowesha mbao kidogo unakata utepe mwembamba mara moja, unaacha sura inang'aa, afu unaangalia na lenzi inayokuza mara 10, zile wanazotumia mafundi saa. Bila lenzi zote ni kahawia, ukiwa na lenzi kila mti una mpangilio wake. Mninga una vitundu vikubwa vya kutosha na mistari miyeupe miyembamba ya mawimbi inayounganisha kitundu na kitundu. Hii ya kaunta kila kitundu kilikuwa kimezungukwa na weupe wenye vimbawa viwili pembeni, na ndani ya baadhi ya vitundu kulikuwa na kitu cha njano kama unga.

Huo unjano ndio ulionishtua. Nikachukua kitambaa cheupe nikakilowesha, nikakilaza juu ya mbao nikaweka uzito, baadae kidogo nakuta kitambaa kina madoa ya njano. Mkongo ndio una tabia hiyo, ile rangi iliyomo kwenye vitundu inayeyuka ikipata maji na inachafua nguo na karatasi, mninga hauna hiyo.

Sikuishia hapo. Mninga una kipimo chake kizuri mno na hakina gharama. Unatoa maranda kidogo ya mbao ya moyo, sio ile nyeupe ya pembeni, unayatumbukiza kwenye glasi ya maji safi unaacha yakae, afu gizani unamulika na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mninga maji yanawaka buluu, mtu akiona mara ya kwanza lazima aite wenzake. Niliweka glasi mbili, moja na kipande cha mninga nilioujua kwa hakika kwa sababu niliuona na gome lake, lile linalotoa utomvu mwekundu kama damu, na nyingine na maranda ya kaunta. Ya kwanza ikawaka, ya kaunta ikabaki maji ya chai tu. Sheria yangu ni hiyo siku zote, usipime mbao ngeni peke yake, weka pembeni yake unayoijua.

Mwisho uzito. Kipande cha kupima mara nyingi hakina umbo la kueleweka, kwahiyo sipimi kwa rula. Nachukua mizani ya jikoni ya gramu, napima kipande kikavu, afu naweka chombo cha maji juu ya mizani naisawazisha isome sifuri, nakizamisha kipande chote kwenye maji kwa sindano nyembamba bila kugusa chini wala pembeni. Gramu zinazosomeka hapo ndio ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Cha kaunta kilikuwa gramu 410 kikavu, majini mizani ikasoma 510, ukigawanya unapata 0.80. Lenzi, kitambaa, glasi na mizani vyote vimesema mkongo, nikaridhika. Nilirudi kumwambia yule mzee maana nilitaka ajue mali ya baba yake ni nini, akafurahi sana, kumbe alikuwa na vizingiti vya mbao hiyohiyo nyumbani na alikuwa anashangaa kwanini mchwa haujawahi kuvigusa.

Njia hizohizo zinanisaidia kwa mbao nyingine. Mweusi ulioletwa kama mpingo, tumbukiza kipande kwenye ndoo, mpingo mkavu unazama moja kwa moja kwa sababu ni mzito kuliko maji, mpangapanga wa huko kusini unaelea, na kwenye lenzi mpangapanga una mistari mipana ya kahawia inayopishana na nyeusi wakati mpingo vitundu vyake ni vidogo unavitafuta. Mvule unajulikana kwa mawe, kuna weupe mgumu umejificha ndani ya mbao, ni chokaa kabisa, ukidondoshea limao unatoa mapovu. Huo usipoujua mapema unaua msumeno. Na kwa wanaonunua mzigo wa Chunya, angalieni mkurungu, ni ndugu wa mninga wa damu moja ila mwekundu zaidi, unauzwa kama mninga kila siku.

Kupasua sasa. Karakana nyingi hapa mjini zina sakula tu, ule msumeno wa duara, na sakula kwa kazi hii ni hasara tupu. Blade yake inakula kama milimita 4 kila ikipita, halafu haifiki kina cha sentimita 20 ambacho nusu ya mgongo inahitaji, inabidi ugeuze mbao upasue pande mbili na katikati panaacha ngazi. Bendiso, ule msumeno wa blade ndefu kama mkanda, inakula milimita 1 na kidogo. Mimi kila slesi nataka itoke na milimita 4 na nusu ili baada ya kutulia na kurandwa ibaki na nyama ya kutosha. Kwa mbao ya inchi 2 iliyosawazishwa ikabaki milimita 47, ukihesabu na kuranda kidogo kati ya slesi na slesi, bendiso inakupa 7 na sakula 5. Slesi mbili ni mgongo mzima wa gitaa, kwahiyo ni tofauti ya gitaa moja kwenye kila kipande.

Kuna kaka mmoja anatengeneza makochi ana bendiso kubwa la zamani la chuma, nikapatana nae nilitumie jioni wateja wakipungua. Kabla ya yote nilipitisha sumaku ya spika mbovu juu ya mbao yote pande zote, kaunta ya duka ina misumari ambayo vichwa vilishaliwa na kutu haionekani kwa macho, panapovuta unachimba na patasi mpaka unaitoa. Hapo usiwe na haraka, blade moja nzuri ni pesa.

Blade niliyofunga ilikuwa mpya, pana inchi nzima, meno 3 kwa inchi. Watu wanapenda meno mengi wakidhani itakata laini, kwa mbao pana sentimita 20 meno mengi yanajaa unga, blade inapata moto inaanza kutembea na kata inatoka na tumbo. Meno machache yana nafasi ya kubeba unga nje. Ikaze vizuri, halafu blade kila moja ina upande inaopenda kuvuta, usishindane nayo. Mimi nachora mstari kwenye kipande cha paina cha bei rahisi, nakata kwa mkono bila kizuizi, ule ubao wa kuegemezea mbao, nikifuata mstari mpaka katikati, nasimama, naangalia mbao imekaa kwa pembe gani, kizuizi changu nakifunga kwa pembe ileile. Baada ya hapo inakata yenyewe.

Uso mmoja na ubavu mmoja lazima virandwe vikae sawasawa na pembe mraba, ndio vinaegemea meza na kizuizi. Kila slesi ikitoka nalirudisha gogo kwenye randa nasafisha uso ndio nakata nyingine. Mwendo ni wa polepole, unasikiliza sauti, ikibadilika unapunguza mkono. Mkongo hauna utomvu mwingi kama mpingo, ila hata hivyo nilikuwa nafuta blade na mafuta ya taa mara kwa mara. Na kabla hata ya kata ya kwanza nilichora pembetatu kubwa kwenye ncha ya gogo na kuandika namba, ili slesi zikitoka nijue ipi ilikuwa jirani ya ipi, maana mgongo unapendeza pale slesi mbili za jirani unazifungua kama kurasa za kitabu na michoro inatazamana. Ukizichanganya hazirudiani tena.

Barakoa vaa. Vumbi la mkongo lilinipigisha chafya hata dirisha likiwa wazi, la mpingo linawasha ngozi ya baadhi ya watu vibaya, la mninga linajulikana kuleta pumu. Barakoa ya karatasi ya kufungia mdomo haitoshi, tafuta ile yenye chujio.

Slesi zikitoka usizitumie. Mbao inaweza kuwa kavu miaka yote ila ukiifungua katikati zile nguvu zilizokuwa zimekamatana zinaachia, na ndani huwa pana unyevu tofauti na nje. Nilizipanga na vijiti vyembamba vya unene mmoja katikati, juu nikaweka matofali, chumba ambacho jua haliingii. Kila moja niliandika uzito wake kwa penseli na nikawa napima mara kwa mara, uzito ukigoma kubadilika ndio zimetulia. Iringa kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu sana, ni wakati mzuri wa kuunga mgongo, Mufindi kwenye ukungu ni habari nyingine. Ukifunga gitaa wakati wa masika halafu likaja kukauka kiangazi mgongo unavutika mpaka unapasuka, ila lililofungwa kwenye ukavu likienda Dar linavimba tu kidogo, na hilo linarekebishika.

Uso wa gitaa nilitumia msaipresi wa zamani wenye pete zilizobanana, jamii ya ule mti Wahispania wanautumia migongo ya gitaa za flamenko. Paina yetu inakua haraka mno, pete zake zimeachana, labda upate mti mzee sana.

Kuna mtu wa Ujerumani aliona picha akataka nimuuzie slesi tu bila gitaa, nikamweleza kwamba hapo ana sheria ya kufuata. Tangu Januari 2017 mpingo na ndugu zake karibu wote wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye masharti hayo, na kwenye mkutano wa Panama Novemba 2022 mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika nayo ikaingia kwa upande wa magogo, mbao na vinia, yaani zile mbao nyembamba za kubandika. Sio kwamba imekatazwa, inahitaji kibali, na kwa mbao mbichi hapa nyumbani unaanzia TFS, wakala wa misitu wa serikali. Hapo ndipo kutambua mti kunageuka kuwa suala la karatasi, huwezi kuomba kibali cha mninga ukasafirisha mkongo.

Gitaa la kwanza la kaunta lipo Mbeya kwenye kwaya, lina sauti nzito chini na linajibu haraka ukiligusa, nililipa mgongo milimita 2.3 kwa sababu ya ule uzito wa mkongo. La pili limeshuka Dar, nyuzi zilipanda kidogo kwenye masika nikamwelekeza fundi wa huko apunguze mfupa wa darajani, pale nyuzi zinapoegemea, mgongo uko salama. Slesi zilizobaki nimezipima juzi, uzito umesimama, jozi moja itakuwa gitaa la nyuzi za nailoni na ile isiyo na mwenzake nitaipasua ukulele.