Kisu cha mama na tawi la mkwaju

Masika ya 2021 upepo ulivunja tawi la mkwaju wetu pale Pangani, nene kama paja la mtu mzima. Mama alishampata wa kulichoma mkaa. Nikamwomba aniachie pingili moja, kwa sababu nilipochungulia mahali lilipovunjika niliona kiini cha rangi ya tende. Mkwaju mwingi ni weupe tu, kiini ni kidogo, lakini ni kigumu kweli.

Haraka ikanitia hasara. Wiki ileile nilichonga mapande mawili ya mpini, nikayapiga ribiti, yaani vijiti vya chuma vya kugongwa bapa pande zote mbili, kwenye kisu chake cha jikoni. Haikufika miezi miwili mti ukasinyaa, chuma kikatokeza ukingoni kikawa kinamkwaruza kiganja, na ufa ukaanzia kwenye tundu la ribiti hadi mwisho. Mama hakusema neno, alikifunga kitambaa akaendelea kukata mchicha. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Nikamwendea mzee mmoja seremala. Baada ya shikamoo nikamwonyesha ule ufa. "Mwanangu, mti unatoa maji vichwani upesi kuliko ubavuni. Vichwa vikitangulia kukauka, vitapasuka. Vizibe."

Pingili iliyobaki niliipasua kwa msumeno nikiutenga moyo wa katikati, maana mbao yenye moyo haikosi ufa. Nikapata mbao nne za unene wa sentimita 3. Maganda nikayabandua yote, na sehemu nyeupe nikaipunguza kwa kuwa wadudu huipenda. Vichwa nikavichovya kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, mara mbili. Kisha nikazipanga upenuni kusikopiga jua, nimeweka vijiti katikati ili hewa ipite.

Kungoja ndiko kulikonishinda roho. Kilichonisaidia ni mizani ya duka la jirani. Kila mwanzo wa mwezi nilipeleka ubao mmoja uleule, nikaandika uzito wake kwa penseli juu ya mti wenyewe. Ulianza gramu 612. Wakati wa upepo wa kusi ulishuka kidogo kidogo, upepo wa kaskazi ulipoingia ukashuka haraka, halafu ukagoma kwenye 455. Miezi mitatu mfululizo namba ikawa hiyohiyo, nikajua umefika. Jumla miezi 14.

Kuchonga kulikwenda vizuri: keekee kwa matundu, tupa kwa umbo, msasa wa namba 120 hadi 400. Ribiti nilizigonga taratibu, kwa nyundo ndogo. Mafuta ya nazi sikuyapaka kwa sababu hayakauki, mpini hubaki na utelezi. Nilipaka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba tatu, kila moja nikiiacha ikauke kabisa kwanza.

Kisu hicho mama anakitumia mpaka leo. Nikipitisha kidole pale chuma kinapokutana na mti, sihisi ngazi. Ubao mmoja bado uko upenuni, nimeutunza uje kuwa mpini wa panga la baba.