Jiwe la Thimlich

Dani, bibi yangu, alinipiga kofi mara moja tu maishani, nikiwa na miaka tisa hivi, na sababu ilikuwa jiwe. Nilikuwa nimelichomoa kwenye ukuta wa Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe huko Migori, Kenya, ili liwe figa la tatu la jiko letu la kuchezea. "Lirudishe ulikolitoa, nyakwara, mjukuu wangu," akasema.

Nikajaribu. Halikukaa. Dani akalichukua, akaligeuza mara mbili, likaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Ndivyo Thimlich ilivyojengwa yote: bila udongo, bila saruji. Kuta mbili za mawe, wa nje na wa ndani, na katikati vijiwe vidogo vinavyozifunga pamoja. Mahali pengine zinapita mita nne kwenda juu, na zimesimama tangu karne ya 16. Watu waliishi humo hadi katikati ya karne iliyopita. Ukifika lango la Kochieng, boma kubwa kuliko yote, lazima uiname; adui naye alilazimika kutanguliza kichwa. Humo ndani kuna mwamba uliochongwa vishimo vya ajua, mchezo wetu wa bao. Mimi huweka vidole vyangu ndani ya vishimo hivyo kila nikienda, nikiwaza waliokaa hapo jioni wakihesabu kokoto huku ng'ombe wakiingia zizini.

Tangu UNESCO ilipoiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, wageni hupita mji wa Macalder kuja kwetu, nami nafurahi. Lakini mizizi ya miti inasukuma mawe, na pakibomoka nimewahi kusikia mtu akisema papigwe saruji tu, yaishe. Hapana. Ukuta ule unapumua, mvua inapita katikati yake. Ukiuziba, maji yatatafuta njia kwa nguvu na kuubomoa. Fedha za wageni ziwalipe kwanza wazee wanaojua kupanga mawe, wawafundishe vijana wa hapa hapa. Mgeni akimkuta kijana akiligeuza jiwe mkononi, ameiona Thimlich zaidi ya aliyepiga picha akaondoka.

Dani ameshatutoka. Mjomba wangu bado ana mkono ule ule. Desemba nawapeleka wanangu wawili kwake. Amesema hawataanzia bomani, wataanzia zizi lake la mbuzi lililoporomoka upande wa mtoni, na mawe ameshayakusanya.