Siku moja maishani mwangu: mtaalamu wa tiba ya usemi, Dar es Salaam

Saa 11 na nusu alfajiri

Nawasha simu nakuta ujumbe wa sauti kutoka Mombasa. Mwenzangu wa kule, ambaye kazi yake ni hii hii yangu, hupenda kunijibu baada ya swala ya alfajiri, nami humsikiliza nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara. Jana jioni nilimuuliza kuhusu mtoto ninayemwona leo saa 4. Alichonijibu nitakieleza tukifika saa hiyo.

Kwa wasiotujua: tunashughulika na watoto waliochelewa kusema, wenye kigugumizi, waliozaliwa na mdomo sungura, wenye usonji. Kwa watu wazima tunao waliopoteza lugha baada ya kiharusi, walimu waliokaukiwa sauti, na wagonjwa wanaopaliwa kila wakimeza. Nilisomea Makerere, Kampala, kwenye kozi iliyoanza mwaka 2008, ya kwanza ya shahada hii Afrika Mashariki. Siku hizi MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili hapa Dar, nao wanafundisha usikivu na tiba ya usemi, na leo nina mwanafunzi anayefanya mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo bado tunahesabika kwa vidole. Daktari wa watoto akikwama, hutoka mlango mmoja akagonga mlango wa pili. Mimi jengo zima sina wa kumgongea, na mtu asiye na wa kumuuliza anaweza kukosea jambo lile lile miaka 10 bila kujua. Ndiyo maana simu yangu imejaa sauti za wenzangu wa Kampala, Nairobi na Mombasa.

Saa 2 asubuhi

Wodini. Bibi wa miaka sabini na kitu, kiharusi cha juzi, upande wa kulia hauna nguvu. Namwamkia, ananiitikia kwa macho. Binti yake ameshamimina chai kwenye kikombe.

"Dada, ni chai tu, ya rangi, haina kitu."

Namwomba asubiri kwanza. Wengi hudhani kilicho chepesi ndicho salama, kumbe kwa mtu ambaye koo limechelewa kuitika, chai na maji ndivyo vinavyomponyoka na kuingia njia ya hewa. Uji una mwendo wa polepole, koo linapata muda wa kujifunga. Tunamkalisha wima kabisa, nampa maji kijiko kimoja cha chai, naweka vidole kwenye koromeo kusikia likipanda. Linapanda, ila limechelewa. Halafu namwomba aseme "aaa". Sauti inatoka na majimaji ndani yake. Hakukohoa hata kidogo, na hapo ndipo mwanafunzi wangu anapotoa macho: kuna wagonjwa ambao maji huwaingia mapafuni kimya kimya, kikohozi hakuna, wanakuja kushikwa na homa ya mapafu siku chache baadaye na watu wanasema ni kwa sababu ya kulala sana.

Basi tunapima uji. Dunia nzima sasa ina vipimo vya pamoja vya uzito wa vinywaji na vyakula, vinaitwa IDDSI, daraja la 0 hadi la 7, na kifaa chake kwa vinywaji ni bomba la sindano la mililita 10. Unaziba tundu la chini kwa kidole, unajaza uji mpaka 10, unaachia, unahesabu sekunde 10, unaziba tena. Kilichobaki kikiwa kati ya mililita 4 na 8, hilo ni daraja la 2. Zaidi ya 8, ila si zote 10, ni la 3. Angalia tu bomba lenyewe: kutoka alama ya sifuri hadi ya 10 iwe milimita 61.5, maana yapo mafupi na manene yanayotoa jibu la uongo.

Uji wa ulezi wa binti huyu umebakisha mililita 5. Mwanafunzi anafurahi, anaandika. Namwambia asubiri dakika chache apime tena. Umebakisha zaidi ya 8. Uji ukipoa unaganda, kwa hiyo upimwe ukiwa na joto lile lile atakalonywea mgonjwa. Hili nilielezwa na mwenzangu wa Kampala anayehangaika na uji wa mahindi kila siku, na aliniongezea la pili: kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi bakulini, kwa sababu mate huanza kuulegeza wanga, uji uliokuwa mzito unageuka maji katikati ya mlo. Maelezo ya vinywaji vizito tuliyosoma darasani mengi yalihusu unga wa pakiti kutoka Ulaya. Wa kunieleza habari za ulezi na dona ni mtu anayepika ulezi na dona.

Namwandikia nesi wa zamu kwenye kadi juu ya kitanda: wima, kijiko kidogo, uji daraja la 2, hakuna chai. Binti anaimeza ile chai mwenyewe, imeshapoa.

Saa 4

Mtoto wa leo ni wa kiume, miaka minne na nusu. Wamehamia Ilala kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Mama ana barua kutoka chekechea: mtoto hawezi "ch", apelekwe kwa mtaalamu. Jirani naye ameshampa ushauri.

"Wasema ana udata, akatwe. Mwengine aniambia ni kimeo. Nimeogopa, nikasema nije kwako kwanza."

Umefanya vema sana, mama. Nimeshaona watoto waliokatwa kimeo kwa wembe kwa ajili ya kikohozi au usemi, na ninachojua ni kwamba kimeo hakimzuii mtoto kusema. Udata wa kweli, yaani ulimi uliofungwa chini na utando, upo, ila ni wachache, na hata hao si wote unaowaathiri usemi. Huyu anatoa ulimi nje mpaka kidevuni, anaupandisha, analamba mdomo wa juu. Hana udata.

Masikio kwanza, huo ni utaratibu wangu kwa kila mtoto, kwa hiyo ameshapita chumba cha pili kwa mtaalamu wa usikivu. Anasikia vizuri. Namwekea picha mezani. Macho: "mato". Kichwa: "kitwa". Mchele: "mtele". Anafanya nini huyu? "Ateza."

Mwanafunzi wangu anaandika haraka: sauti ya nyuma inaletwa mbele, anahitaji tiba. Kwa mtoto aliyezaliwa na kulelewa Kinondoni ningekubaliana naye. Hapa ndipo jibu la Mombasa linapoingia. Mwenzangu aliniambia hivi: "Usimpime kwa maneno hayo, hayo ndiyo Kimvita chenyewe, Kiswahili chetu cha Mombasa. Muulize chakula. Muulize chumba. Huko sisi sote twasema ch."

Nageuza picha. Sahani ya ugali na samaki: "chakula!" Kitanda na kabati: "chumba." Kikombe: "chai." Ch safi, kila mara, mahali pake hasa. Ulimi wake unaijua sauti hiyo na anajua kwao inatumika wapi. Angesema "takula", tungekuwa na kazi. Na mama yake, muda wote huu, ananieleza jinsi mwanawe apendavyo "kuteza" na kwamba "mato" yake ni mazima.

Mtoto huyu haumwi kitu. Amekuja na lahaja yenye mashairi ya karne nyingi, akakuta darasa lisiloijua. Namwandikia mwalimu barua ya heshima, nampigia na simu, naye anapokea vizuri: anataka orodha ya maneno mengine atakayoyasikia. Mama nampa neno moja tu, aendelee kuzungumza na mwanawe kama anavyozungumza. "Ch" ya shule ataiongeza mwenyewe.

Kinachoniumiza ni jinsi ilivyokuwa rahisi kumtibu. Angekaa miezi kwenye kiti kile akifundishwa kwamba mama yake hajui kusema.

Saa 7 na nusu

Wali maharage, haraka.

Saa 8 mchana

Mwalimu mstaafu, kiharusi cha miezi mitatu iliyopita. Anaelewa karibu kila kitu, ila akitaka maji, neno "maji" haliji. Anasoma Fatiha yote bila kukwama, anahesabu mpaka ishirini. Ndugu wanaona hapo kuna namna, labda anachagua wa kusema naye. Naeleza tena, kwa utulivu, kwamba maneno yaliyokaririwa tangu utoto hupita njia nyingine ubongoni tofauti na maneno ya kuombea maji. Leo tumeanzia kwenye kuhesabu: moja, mbili, tatu, kisha nikanyanyua vidole vitatu bila kuhesabu nikanyamaza. Amehangaika, ametoka jasho, amesema "tatu". Mke wake amepiga vigelegele mpaka nesi akachungulia.

Nimeomba ruhusa yao kusimulia kisa hiki kwa wenzangu. Jina sitoi, sura sionyeshi, na asipotaka mgonjwa sisemi.

Saa 2 usiku

Mkutano wetu wa kila mwezi kwa simu za video. Mtandao wa Nairobi unakatika, wa Kampala uko imara.

Tunatengeneza orodha ya pamoja ya maneno na picha za kupimia watoto wanaosema Kiswahili. Hatuanzi sifuri. Mwaka 2015 Gangji, Pascoe na Smouse walichapisha utafiti wa usemi wa watoto 24 wa Dar es Salaam, wa miaka 3 hadi 5, nami nautumia kila wiki. Kilifi nako Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama. Ila watoto 24 wa jiji moja hawawezi kumbeba mtoto wa Mji wa Kale, wala wa Tarime ambaye nyumbani wanasema Kikurya na l yake inatoka r. Wa Kampala anaongeza kwamba katika Luganda l na r hupokezana kufuata irabu iliyotangulia, kwa hiyo mtoto wa kule akichanganya hizo mbili katika Kiswahili haina maana kwamba ana tatizo.

Nawasimulia ya leo: mato, kitwa, chakula, chumba. Tunakubaliana kila neno kwenye orodha liwe na safu pembeni ya namna linavyosemwa na wakubwa wa mahali husika, ijazwe na mtaalamu aliyepo pale. Wa Mombasa anachukua Kimvita na atawauliza watu wa Lamu. Wa Kampala anachukua watoto wa Luganda. Mimi nimepewa picha: kinu na mchi, ndoo, bajaji, kuku, mchele. Jumamosi nitapita Kariakoo na kamera. Wa Mombasa amesisitiza mchele niupige ukiwa kwenye gunia, haujapikwa, maana ukiwa sahanini watoto wote, wake na wangu, watasema wali.